Wati 300 za etiketi: historia ya boksi ya kuran ndani ya kompyuta

Hapa Kimemi, na vilevile kule Beni, kompyuta nyingi za kupigia barua na kutolea kopi ni za okazio. Zinafika zikiwa zimechoka na kazi za ofisi za Ulaya ama Marekani. Kwa familia iliyokimbia vita ikaacha shamba, mashine moja ya namna hiyo inaweza kuwa ndiyo shamba jipya. Siku mwenyewe anapotaka kuongeza karti ya picha ili atengeneze video za arusi, anasoma etiketi ya boksi ya kuran: wati 300. Anaona zinatosha. Mara nyingi hazitoshi, na sababu yake ni ya zamani.

IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwaka 1981, boksi yake ilikuwa na wati 63.5 tu, chini ya balbu ya zamani ya wati 75. Disketi ziliridhika. Diski ngumu haikuridhika, maana moteri yake inavuta sana inapoanza kuzunguka. Kwa hiyo PC XT ya mwaka 1983, iliyokuwa na diski hiyo ndani, ilipewa wati 130.

Jambo kubwa lilikuja baadaye. Miaka mingi prosesa zilikula kuran kutoka kwenye njia ya volti 5, na watengenezaji wakajaza nguvu huko. Mwaka 2000 Pentium 4 ilikuja na plagi ndogo ya nyaya 4, na kuanzia hapo mzigo ukahamia volti 12. Karti za picha pia zinategemea njia hiyo. Boksi za mtindo wa kale, pamoja na zile za bei ya chini, bado zinahesabu wati za volti 5 na 3.3 ndani ya jumla yao kubwa, wakati karti haizitumii sana.

Basi ndugu zetu, acheni ile namba kubwa. Tafuteni ampea za volti 12, mzidishe mara 12. Boksi ya "wati 300" yenye ampea 15 hapo inatoa wati 180. Prosesa ikila 95 na karti 75, tayari ni 170. Zinabaki 10 za moteri ya diski na vipepeo, na hizo hazifiki. Mashine itazimika katikati ya kazi, ama boksi itaungua na kuharibu karti mama pamoja na kazi ya mteja.

Kabla ya kununua boksi nyingine, fungueni mtazame plagi: mashine nyingi za ofisi zina plagi ya kampuni yenyewe, boksi ya kawaida haiingii. Na kama kuna kiswichi chekundu nyuma kimeandikwa 115, kisukumeni kwenye 230 kabla ya kuchomeka.