Ndege za Vita na Mshahara wa Mwalimu

Wale waliokuwa Kisangani mapema mwaka 1997 hawajasahau mvumo wa ndege za vita. Ndege zile zilinunuliwa haraka haraka, nazo zililetwa pamoja na askari wageni wa kukodiwa, wengi wao Waserbia. Je, ndege zetu wenyewe zilikwenda wapi?

Zetu zilikuwa Mirage. Mobutu aliagiza 17 kutoka Ufaransa siku zile shaba ilipouzwa kwa bei nzuri. Za kwanza zilifika mwaka 1975, zikawekwa Kamina. Kumbe bei ya shaba ilikwisha kuanguka tangu 1974, na mwaka uleule wa 1975 Zaire ikashindwa kulipa madeni yake.

Na ndege ya vita haiishi gharama siku ya kununuliwa. Wavuvi wetu wa Wagenia wanajua kwamba nguzo na mitego yao katika maporomoko hutaka kutengenezwa kila mara, la sivyo mto huichukua. Lakini mvuvi hukata miti mwituni. Mirage hutaka vipuri vya Ulaya, vinavyolipwa kwa fedha za kigeni. Mafundi huishughulikia saa nyingi kwa saa moja tu ya kuruka. Injini ikitimiza saa zake hufunguliwa yote. Na rubani asiyeruka husahau kazi yake. Hata ikikaa chini yaendelea kula mali, maana huota kutu. Mkoa wa Shaba, ndiyo Katanga, ulipovamiwa 1977 na 1978, ilibidi kuletwa askari wa Moroko, Ufaransa na Ubelgiji.

Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, aliwaomba wakubwa watenge sehemu ya fedha za silaha kwa ajili ya maskini. Kwetu fedha hazikwenda huko. Katika miaka ya 1990 serikali iliacha kuwalipa walimu, na wazazi wa parokia zetu wakabeba mzigo huo, huyu kwa noti chache, yule kwa mchele. Hatusemi kwamba Mirage peke yake zilimaliza mishahara. Wizi ulikuwa mwingi mno. Lakini zilitoka mfuko uleule.

Basi vita vilipokuja, Mirage hazikuwako tena za kuitetea nchi. Januari 1997 serikali ilitangaza kwamba itawarudisha waasi nyuma kwa nguvu zote, na Kisangani ikawa makao ya vita hivyo. Tarehe 17 Februari ndege za serikali zikatupa mabomu Bukavu, zikaua raia wa nchi ileile iliyozilipia. Tarehe 15 Machi majeshi ya Laurent Kabila yakaingia Kisangani. Askari wa Zaire walikuwa wamekwisha kupora na kukimbia.

Mobutu alifariki Moroko mwezi wa Septemba mwaka uleule. Madeni ya utawala wake yalibaki juu ya Wakongo, mpaka sehemu kubwa iliposamehewa mwaka 2010.