Mvumo wa Gramafoni: Historia Fupi na Faida Yake Leo



Katika jarida la mkutano wetu tumezoea kusoma habari za walimu, mabweni na mechi za mpira. Safari hii naomba nafasi nieleze historia ya chombo kilichokaa katika sebule za wazee wetu wa Mashewa na Korogwe, yaani gramafoni, pamoja na adui yake wa siku zote, mtikisiko. Nimeichagua habari hii kwa sababu imo fizikia mnayoisoma ninyi vijana, na kwa sababu santuri za muziki wa Tanga zinapotea huku tukitazama.

Kwanza tuelewe msingi wake. Santuri ni sahani yenye mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Kuta za mfereji huo zimechongwa kwa mawimbi ya sauti. Sindano ikipita humo hutikisika, na mtikisiko huo ndio muziki. Lakini sindano haina uwezo wa kuchagua. Ikitikiswa na mfereji husema, na ikitikiswa na meza, sakafu au kishindo cha mpita njia husema vilevile.

Emile Berliner alipata hataza ya gramafoni yake mwaka 1887, miaka 10 baada ya Thomas Edison kutengeneza fonografu. Kwetu Afrika Mashariki jina kubwa la enzi za mwanzo ni Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, ndiye aliyeandika wasifu wake. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na wengi walizisikiliza kwa gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Springi ilizungusha sahani, sindano ya chuma ilitikisa kiwambo, na pembe ikaitoa sauti nje. Kichwa cha sindano kiliweza kulalia sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, kikiula mfereji kila wimbo ulipopigwa. Hata hivyo gramafoni ile ilikuwa na heri moja: haikuvuma. Hapakuwa na umeme wa kuikuza sauti, hivyo kilichorudi kwenye sahani kilikuwa kimekwisha kufifia.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, na mwaka 1949 RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45, ambayo baadaye ilibeba nyimbo nyingi za dansi na taarabu zetu. Mfereji ukawa mwembamba, mkono ukawa mwepesi, na amplifaya ikashika kazi ya pembe. Hapo ndipo duara lilipokamilika. Sindano hupeleka umeme mdogo kwenye amplifaya, amplifaya huukuza, spika hutikisa hewa na sakafu, kisha hewa na sakafu huitikisa tena sindano. Kama kinachorudi ni kikubwa kuliko kilichotangulia, sauti hujiongeza yenyewe mpaka nyumba nzima inanguruma.

Kwa nini mngurumo huo huwa mzito? Sauti nzito zingehitaji mawimbi mapana mno mferejini, kwa hiyo hupunguzwa wakati wa kuchonga, na amplifaya huzirudishia ukubwa wake wakati wa kupiga. Kanuni ya RIAA, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954, huzikuza sauti za mitikisiko 20 kwa sekunde karibu mara 9 kuliko zile za mitikisiko 1,000. Basi na kishindo cha mguu nacho hukuzwa vivyo hivyo.

Redio-gramu, kabati lile la fahari, lilikuwa katika hatari kubwa zaidi, maana gramafoni na spika vilikaa ndani ya sanduku moja. Watengenezaji waliikalisha gramafoni juu ya springi. Mwaka 1961 kampuni ya Acoustic Research ya Marekani, chini ya Edgar Villchur, ilitoa gramafoni ambayo sahani na mkono wake vilining'inia pamoja kwenye springi tatu, hivyo meza ikitikisika, vyenyewe hubaki vimetulia. Wengine walifuata njia ya uzito. Technics ya Japani ilitoa SL-1200 mwaka 1972, na toleo la pili la mwaka 1979 likapewa umbo zito lenye mpira ndani. Ndilo lililopendwa mno katika madisko, mahali ambapo spika hazina huruma.

Sasa turudi nyumbani Tanga. Miaka ya 1960 na 1970 mji ule ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na katika taarabu Black Star Musical Club, iliyoingiza gitaa na besi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi zetu zilitegemea Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, na kufunguliwa tena mwaka 1983, njia hiyo ikawa ngumu. Kisha kaseti zikatawala. Kwa hiyo santuri nyingine zilizobaki majumbani hazina mbadala dukani.

Marehemu baba yangu mkubwa wa hapa Mashewa aliacha boksi la santuri. Kabla sijazipata, ndugu walimpa fundi mmoja wa mjini anakili baadhi yake. Fundi aliweka gramafoni na spika juu ya meza moja, akaongeza sauti ili naye asikie vizuri. Baadaye santuri mbili kati ya hizo zilivunjika katika kuhama nyumba. Tulichobaki nacho ni nakala, na ndani yake, kila besi inapoingia, kuna mvumo unaomfunika mwimbaji. Mvumo ule umekwisha kuwa sehemu ya wimbo. Mtikisiko ukishaingia katika nakala, kuutoa bila kuiumiza besi yenyewe ni kazi ngumu sana, hata kwa kompyuta.

Kwa sababu hiyo natoa shauri kwa yeyote mwenye santuri. Legeza skrubu za safari kama gramafoni yako ni ya springi, maana zikikazwa springi hazifanyi kazi. Iweke mbali na spika, juu ya meza nzito iliyosimama sawasawa. Sakafu ya saruji juu ya ardhi ni bora kuliko ya mbao. Kama ni ya mbao, rafu iliyofungwa ukutani hufaa zaidi. Ubao mzito juu ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kidogo nao husaidia.

Kisha jaribu. Zima mota, laza sindano juu ya sahani iliyosimama, ongeza sauti polepole, na uguse meza kwa ncha ya kidole. Unachokisikia ndicho kitakachoingia katika nakala. Sauti ikianza kujiongeza, punguza mara moja.

Na unaponakili, zima spika kabisa, usikilize kwa vifaa vya masikioni. Spika ikinyamaza, duara limekatika. Kitakachobaki ni mtikisiko wa nje, kama lori au mashine ya kusaga, na huo huepukwa kwa kunakili usiku.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuifanya kazi hii hapa shuleni, na wazee wenzangu tunaweza kuleta santuri zetu siku ya mkutano, kila moja katika jalada lake. Tuzinakili maadamu zingali nzima. Nawatakia nyote mkutano mwema.