Nyumba ya Jirani, Nyumba ya Sala



Mwaka 1993, Samuel Mockbee, profesa wa usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, alianza kuwapeleka wanafunzi wake wilayani Hale, Alabama, wakae kati ya maskini na kuwajengea. Mwaka 1994 walikamilisha makao ya wazee wawili, mume na mke: kuta zake marobota ya nyasi kavu yaliyopigwa lipu. Mwaka uliofuata, wanafunzi watatu walishindilia udongo ndani ya matairi chakavu, wakainua kikanisa cha Yancey. Mockbee alifariki mwaka 2001. Kazi yake ingali inaendelea.

Nasi tunaochangia ujenzi wa kanisa letu, je, tumekwisha kulitazama paa la mjane, jirani yetu?