Uzi: Kwa nini bili ya hospitali haieleweki, tangu 1966 mpaka leo

Kila mjadala wa bima ya afya ukianza huku mitandaoni, watu wanagombana kuhusu asilimia 2.75. Nani anakatwa, nani anakwepa. Mimi wiki hii nilikuwa kwa kaunta ya hospitali na swali langu ni lingine. Sitaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie upande.

Binamu yangu anauza mboga hapa Kabiria. Alilipa SHA ya mwaka mzima kwa mkupuo, maana sisi wa jua kali ndivyo tunavyolipishwa. Amejifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya binafsi, jina nalihifadhi. Akiingia aliambiwa, "SHA tunachukua." Akitoka, bili 95,000. SHA 30,000. Salio 65,000.

Keshia hakudanganya. SHA walichukua kweli, lakini kuchukua si kulipa yote. Na huu mchezo ni wa zamani kuliko wengi wetu humu.

NHIF ilianzishwa kwa sheria ya 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, kwa walioajiriwa wenye mshahara wa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi. Si pesa ya mama mboga hiyo. Ilikuwa bima ya kitanda: ukilazwa, mfuko unalipa hospitali kiasi fulani kwa siku. Wazee wetu waliita ribeti. Kinachozidi ni chako. Haikuuma sana wakati huo, kwa sababu kwa hospitali za serikali matibabu ya nje yalikuwa bure tangu 1965. Desemba 1989 ikaja ile ya kuchangia gharama, na mgonjwa akaanza kulipa mlangoni.

Wanachama wa hiari walikuwa wameruhusiwa tangu 1972. Sheria mpya ikaja 1998, na 2015 makato ya mshahara yakapanda mpaka kati ya 150 na 1,700. Kila mara tulibishana kuhusu makato. Ribeti hakuna aliyeigusa.

Halafu kulikuwa na kitu wachache walikijua. Hospitali ziliwekwa kwa makundi A, B na C. A, nyingi zikiwa za serikali, ulilipiwa yote. B ulilipiwa, lakini upasuaji unaongezea. C ni ribeti ya kitanda tu. Kadi ni ile ile. Nani aliwahi kuambiwa yuko kundi gani kabla ya kulazwa? Mimi nimetumia ile kadi miaka na sikuambiwa.

Na tusijifanye hii ni hesabu tu. Ilichukua uamuzi wa Mahakama Kuu, mwaka 2015, kusema kwamba kuwazuilia akina mama Pumwani kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao.

Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Sasa mifuko ni mitatu. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na 3, zinalipwa na mfuko wa afya ya msingi. Ngazi ya 4 hadi 6 ni SHIF, na hapo lazima uwe umechangia. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, pale SHIF inapofika mwisho. Kwenye karatasi imepangika vizuri, nakubali. Lakini kujifungua kumewekewa bei moja: 10,000 kwa kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi ikiwa na bei yake, tofauti inaangukia nani? Ribeti imebadilisha jina tu.

Binamu alitoka siku ya tatu, baada ya grupu ya familia kuchanga. Mjomba mmoja aliuza mbuzi.

Kwa hivyo ukija kwa mjadala na asilimia 2.75 yako, karibu. Lakini uje pia na jibu la kwa nini ile 30,000 haikubandikwa ukutani pale wodi ya wazazi, mahali ambapo binamu angeiona kabla hajavua viatu.