Black Sabbath: Ziara ya Kuaga na Onyesho la Mwisho

Bendi ya Black Sabbath ilianzishwa mwaka 1968 Birmingham, Uingereza, na vijana wanne wa eneo la Aston: mwimbaji Ozzy Osbourne, mpiga gitaa Tony Iommi, mpiga besi Geezer Butler na mpiga dramu Bill Ward. Iommi alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani. Alijitengenezea vikofia vya plastiki vya kuvalisha vidole hivyo, na baadaye akalegeza nyuzi ili zibonyezeke bila maumivu. Mlio mzito uliotokana na hali hiyo, pengine kuliko kitu kingine chochote, ndio uliozaa muziki wa hevi metali.

Osbourne alifukuzwa mwaka 1979, na kwa miaka mingi waimbaji walipishana. Waanzilishi waliporudiana, Iommi aligundulika mwaka 2012 kuwa na saratani ya limfu, naye Ward akajitenga kwa mgogoro wa mkataba. Hata hivyo albamu yao iitwayo 13, iliyotoka 2013, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Lakini pengo la Ward halikuzibika.

Ziara ya kuaga ilikamilika Birmingham tarehe 4 Februari 2017, bila Ward. Mwaka 2020 Osbourne alitangaza kuwa anaugua ugonjwa wa Parkinson. Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walikutana tena jukwaani katika uwanja wa Villa Park, huko huko Aston, Osbourne akiimba ameketi. Alifariki tarehe 22 mwezi huo huo.