Sauti ya Ubavuni

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, kijana wa Kibukusu anayetahiriwa hupakwa tope mtoni kabla ya jua kuchomoza, kisha hurejeshwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye. Ukiwa ndani ya msafara huo, iwe ni huko Kwanza au Bungoma, magharibi mwa Kenya, wimbo hauko mbele yako kama jukwaani. Umekuzingira, na anayedakia kiitikio huenda akawa nyuma ya kisogo chako.

Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipozuru Kenya mwaka 1950 na 1952 kurekodi nyimbo za wenyeji, alishika maikrofoni moja mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji na kuirudisha kwenye ala. Kazi adhimu ile. Lakini mkanda wa mono haukumbuki nani alisimama wapi, na kisichokumbukwa hakuna fundi wa leo awezaye kukirudisha bila kubuni.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwepo tayari. Desemba 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko London, aliomba hataza ya kunasa sauti kwa masikio mawili. Humo mlikuwa na mzizi wa mbinu ya kati na ubavu: maikrofoni moja inatazama mbele, ya pili imelazwa kiubavu, inasikia kushoto na kulia, ila wimbi la kulia linaingia limepinduliwa. Jumlisha hizo mbili, unapata kushoto. Toa ya pili katika ya kwanza, unapata kulia. Hesabu ya darasa la tatu, lakini bado hunishangaza. Blumlein alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1942, akiwa na miaka 38, kabla santuri za stereo hazijaingia madukani.

Tofauti kati ya kushoto na kulia, yaani ubavu mtupu, ina utajiri wake. Mwimbaji wa katikati karibu anatoweka. Kinachosalia ni mwangwi, makofi na umati wa pembeni. Karibu mwaka 1970 Mmarekani David Hafler alionyesha kwamba spika ya nyuma ikiunganishwa kati ya ncha chanya mbili za amplifaya hucheza tofauti hiyo tupu: waya tu, bila mtambo mpya. Kampuni ya Dolby ikalipeleka wazo la namna hiyo kwenye sinema.

Ila ubavu si nyuma. Maikrofoni mbili za Blumlein haziwezi kumtofautisha vizuri mwitikiaji aliye kisogoni na mwangwi wa ukutani. Michael Gerzon wa Oxford alilishughulikia hilo miaka ya 1970 kwa hesabu nzito zaidi. Kwa msafara wa sioyaye mimi ningeongeza maikrofoni ya tatu inayotazama nyuma, basi.

Redio ya FM nayo, tangu Marekani ilipoidhinisha mfumo wake wa stereo mwaka 1961, hurusha jumla ya kushoto na kulia waziwazi na kuibeba tofauti juu yake, kwenye kilohezi 38. Mawimbi yakidhoofika, tofauti ndiyo huanza kuchakaa. Na redio ya spika moja jikoni huko Kwanza haiifungui kabisa: mwimbaji anasikika, umati wake unapita hewani.