Usanifu wa hisia

Usanifu wa hisia ni taaluma ya kubuni bidhaa ambazo, mbali na kufanya kazi yake vizuri, humgusa mtumiaji moyoni. Chimbuko lake mojawapo ni Japani, ambako Mitsuo Nagamachi wa Chuo Kikuu cha Hiroshima alianza katika miaka ya 1970 kutafuta njia ya kugeuza hisia za wateja kuwa vipimo vya kihandisi. Mazda iliitumia kwa gari la MX-5 la mwaka 1989: wahandisi walishughulikia hata mngurumo wa ekzosi na ufupi wa mkono wa gia, ili dereva ajihisi kitu kimoja na gari.

Mwaka 2004 Mmarekani Donald Norman alieleza ngazi tatu: mvuto wa mara ya kwanza, raha ya kukitumia kitu, na maana ambayo mtu hukipa. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi kubuni. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kanga iliifikia kitambo. Pindo na mji huvutia macho, lakini jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, ndilo litakalosema na mama, mume au jirani. Lisipomridhisha mnunuzi, mara nyingi huiacha dukani hata kama rangi zimempendeza.